Mwalimu Pindo Afundisha Misri

Somo la ushonaji lilifutwa siku ya Jumatatu, mwalimu wa ushonaji akiwa darasani anafundisha ushonaji. Mwalimu Mkuu alimtuma karani akamwite, na karani, ambaye hakupenda kutembea, alisimama mlangoni mwa ofisi akamwita kwa sauti iliyovuka uwanja mzima. Alipofika aliambiwa akae. Katika shule ile, mwalimu aliyeambiwa akae alikuwa ama amefiwa ama anahamishwa. Kwa kuwa asubuhi hiyo alikuwa amemwacha ndugu yake wa pekee nyumbani akiwa mzima na mwenye kelele, alijua ni lipi kati ya hayo mawili.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Pindo. Hakuweza kupishana na mtoto ambaye pindo la sketi au suruali yake limefumuka bila kumsimamisha pale pale, kuchomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake mwenyewe na kulishikiza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi kwenye bawaba, na kwa miaka yake yote ya kazi hakuwahi kufundisha kitu ambacho hakiwezi kushikwa mkononi.

Mwalimu Mkuu alimweleza kwamba chumba cha cherehani kinageuzwa kuwa chumba cha kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa njiani, na zilikuwa njiani tangu mwaka uliotangulia, lakini chumba kilitakiwa kiwe kitupu kikizisubiri. Cherehani zingekwenda stoo. Mwalimu asiye na vipindi huhesabiwa kuwa wa ziada, na walimu wa ziada walikuwa wakipelekwa wilaya ya mbali yenye shule mpya ambayo hakuna mtu aliyewahi kuomba kwenda. Kulikuwa na nafasi moja tu. Mwalimu wa Historia alikuwa amegombea udiwani na, kwa mshangao wa watu wote, yeye mwenyewe akiwemo, alishinda. Kidato cha kwanza kilikuwa kimekaa bila Historia tangu siku ile.

"Historia unaijua?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Niliisoma shuleni," alijibu Mwalimu Pindo. Lilikuwa jibu ambalo kila mtu katika jengo lile, pamoja na mlinzi wa getini, angeweza kulitoa bila kudanganya.

Mwalimu Mkuu alilikubali. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Angefundisha muhula mmoja kwa majaribio, mada yenyewe ni Misri ya kale. Kabla muhula haujaisha mkaguzi angekuja kumtazama akifundisha. Mkaguzi akiridhika, anabaki. Asiporidhika, jina lake linaungana na majina ya wenzake wa ziada, na gari la wilaya linakuja kuchukua vyombo.

Mwalimu Pindo aliitikia kabla hajaambiwa habari za gari.

Kwa mwalimu mwingine uhamisho ungekuwa usumbufu. Kwake yeye ulikuwa ni habari ya dada yake. Walikuwa wakiishi wawili katika nyumba ya kupanga nyuma ya karakana ya magari, na dada mtu alikuwa haoni. Zamani alikuwa mpokea simu wa hospitali, mwenye sauti iliyowatuliza watu hata pale alipowaambia kwamba daktari hayupo. Kisha presha ya macho ikamla mwanga kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka ukaisha. Alipohamia kwa mdogo wake aliijua nyumba ile kwa magoti, kwa viwiko na kwa paji la uso. Ilimchukua muda mrefu na alama nyingi za bluu mwilini. Sasa alijua mlango upi unafungukia ndani, kizingiti kipi kimeinuka, bomba la uani linalotaka kukazwa kwa mkono wa kushoto. Alijua kona ya kwenda dukani, na mwenye duka alijua kumwekea mkate mkononi bila kumfanyia sherehe. Kumhamisha ilikuwa sawa na kumpofusha mara ya pili, na safari hii mkosaji angekuwa mdogo wake.

Hayo hawakuyazungumza. Mwalimu Pindo alimweleza kwa ufupi jioni ile, na dada mtu akauliza kama Misri ni ngumu.

"Sijui. Sijaianza."

"Basi anza, mdogo wangu. Usinitazame mimi, mimi sikutazami."

Alianza na kitabu cha kiada. Kilikuwa na kurasa chache kuhusu Misri, zote zimepangwa kwa sababu, faida na hasara, kana kwamba Misri ilikuwa ombi la kufungua kioski. Alisoma mpaka penye maneno "mambo yaliyochangia kukua kwa ustaarabu huo ni pamoja na" akasinzia. Kesho yake alisinzia palepale. Siku ya tatu aliamua kusoma kwa sauti ili ajizuie, na dada yake, aliyekuwa akichambua mchele kwa vidole, akamsikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyefanya kazi ya simu.

"Huyo aliyeandika," alisema hatimaye, "amewahi kukutana na mtu?"

Shida haikuwa akili. Mwalimu Pindo hakuwa amewahi kujifunza kitu mikono yake ikiwa imekaa. Ushonaji aliufahamu kwa kushona, hesabu alizifahamu kwa kupima vitambaa, na mahubiri kanisani aliyaelewa tu siku alizokaa na kazi ya kufuma mapajani. Akishika kitabu, mikono ilikuwa na kazi ya kushika kitabu, nayo kwake haikuwa kazi.

Dada mtu alikuwa akiishi na simu yake kama wengine wanavyoishi na paka. Ilimsomea ujumbe, ilimtajia saa, na mchana kutwa ilimchezea podikasti, yaani vipindi vya mazungumzo ambavyo havina saa ya kurushwa kama vya redio. Unakichagua unachotaka, unakisimamisha ukitaka kwenda msalani, unakirudisha nyuma kama hukuelewa, na mtangazaji hachukii. Alisikiliza za afya, za kesi za mauaji na moja ya ufugaji wa nyuki, ingawa hakuwa na nyuki. Alizisikiliza kwa kasi ya mara mbili, mazoea ya wasioona wengi, kiasi kwamba watangazaji wake wote walisikika kama watu wanaofukuzwa.

"Mambo ya mafarao mbona yamo humu," alisema. "Kuna mwanamke mmoja anayasimulia. Nilimsikiliza siku moja nikamwacha, ana maneno mengi. Nikutafutie?"

Akaitafuta kwa kuiambia simu, akapunguza kasi mpaka ya watu wanaoona, akaiweka simu kwenye kikombe kitupu ili sauti ijae. Mwalimu Pindo alikuwa akipiga pasi. Mwanamke wa kwenye simu alianza kusimulia jinsi malkia wa mwisho wa Misri alivyokufa na Warumi wakaichukua nchi. Alisimulia kama jirani mwenye habari mbichi anayeegemea ukuta wa uani. Kipindi kilipokwisha, nguo zote zilikuwa zimenyooshwa, na Mwalimu Pindo aligundua kwamba anakumbuka kila kitu, pamoja na majina. Alijijaribu wakati wa kukunja mashuka. Bado alikumbuka. Akaomba kingine, na kwa kuwa pasi ilikuwa imepoa, akatafuta nguo ya kufumua.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa adabu. Programu ile ya simu hupanga vipindi kama sahani zilizooshwa: cha mwisho kuletwa ndicho kinachokaa juu. Aliyekuwa akiitengeneza podikasti ile alianza Misri mwanzo akaimaliza mwisho, kama inavyopasa. Dada mtu alikuwa ameigusa simu mara moja, na simu ikaanza na kilicho juu, ikashuka. Kila kipindi kilichofuata kilikuwa kimetangulia.

Mtu angetarajia miaka imshtue, lakini miaka ndiyo iliyomtuliza. Warumi waliingia Misri mwaka wa 30. Kipindi kilichofuata, Aleksanda aliingia mwaka wa 332. Waajemi, 525. Tangu azaliwe, Mwalimu Pindo alijua kwamba miaka inakwenda mbele kwa kuongezeka, na hii ilikuwa inaongezeka vizuri. Kwamba kila mwaka ulifuatiwa na maneno "kabla ya Kristo," na kwamba kabla ya Kristo hesabu hushuka kuja kwetu badala ya kupanda, ni jambo aliloambiwa akiwa na miaka kumi na mitatu, siku ambayo huenda alikuwa akitengeneza kifungo.

Ishara nyingine zilikuwepo. Mtangazaji alikuwa na tabia ya kusema "kama tulivyosikia kipindi kilichopita" kuhusu mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyasikia. Mwalimu Pindo aliona ni pozi za watu wa utangazaji. Mwalimu Mkuu naye alikuwa hafungui kikao bila kusema "kama tulivyokubaliana." Na pale iliposemwa kwamba Aleksanda alipofika alizikuta piramidi zimeshazeeka, alidhani ni piramidi nyingine.

Basi akaingia darasani.

Kipindi cha kwanza alimuua malkia na akaikabidhi nchi kwa Warumi. Darasa lilikaa kimya, jambo ambalo kidato cha kwanza hakikuwa na mazoea nalo. Kisha msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa sababu hakuna adhabu aliyoipokea bila kukata rufaa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Misri imekwisha siku ya kwanza?"

"Imekwisha kwa Warumi," alijibu Mwalimu Pindo. "Sisi ndiyo kwanza tunaanza."

Wakili aliliandika jibu hilo. Kisha akataka kujua malkia mwenyewe, ambaye jina na lugha ya nyumbani kwao vilikuwa vya Kigiriki, alifikaje kuitawala Misri. Mwalimu Pindo hakujua. Alimwambia asubiri. Alikwenda nyumbani, akafumua mkono wa koti la jirani huku akisikiliza, na simu ikamjibu: Aleksanda alikuja, akafa, na jemadari wake mmoja akaishika Misri akaiachia wanawe. Alhamisi alilipeleka jibu darasani. Na kwa nini Wamisri walimpokea huyo Aleksanda kwa mikono miwili? Kwa sababu walikuwa wamechoshwa na Waajemi. Na Waajemi walipitia wapi? Jibu lilikuwa kipindi kinachofuata. Kila mara lilikuwa kipindi kinachofuata. Kwamba sababu haiwezi kuja baada ya tukio lake, hakuna aliyelifikiria; miaka ubaoni ilikuwa inaongezeka. Baada ya wiki chache darasa zima lilipata wimbo wake. Mwalimu akimtaja tu mfalme mpya, watoto walimaliza kwa sauti moja: "Na yeye alitokea wapi?"

Aliwafundisha kama alivyowafundisha wengine kutengeneza gauni. Hakuanza na kitambaa. Alichukua gauni lililoshonwa na mtu mwingine, akalifumua mbele yao, mshono kwa mshono, mpaka waone kwamba mkono ulishonewa begani baada ya ubavu kufungwa, na bitana iliingia lini. Mshono wa mwisho kushonwa ndio wa kwanza kufumuliwa. Hakuona ajabu kwamba Misri nayo ilikuwa inafumuka vizuri.

Katika chumba cha walimu, Mwalimu wa Jiografia alimfanyia utani kila siku ya Jumanne. "Mama Pindo, Misri leo umeishona au umeichana?"

"Nimeitia pasi," alimjibu. "Wewe mto wako bado unatiririka?"

Mwalimu wa Jiografia aliwahi kuhisi kuna jambo, siku alipomsikia mwanafunzi akisema kwamba wafalme wa Kushi walishuka kutoka kusini wakaitwaa Misri "halafu ndiyo piramidi zile kubwa zikajengwa." Alikunja uso. Lakini kwake yeye Misri ilikuwa mto, mafuriko na matope yenye rutuba, na matope hayana tarehe. Akarudi kwenye chai yake.

Mwalimu Mkuu naye alikuwa akiyapokea maandalio ya somo kila Ijumaa, kama sheria inavyotaka, na kuyagonga muhuri. Muhuri wake ulikuwa mpya na wenye wino mwingi. Maandalio yote ya Misri, kuanzia Warumi kurudi nyuma, yalipigwa muhuri katikati kabisa ya ukurasa.

Mkaguzi alipangiwa Jumatatu, kipindi cha kwanza. Jumapili mchana Mwalimu Pindo alikuwa akiinyoosha nguo ambayo angeivaa, gauni la kijivu lenye kola. Dada yake alikuwa ameketi kizingitini akipigwa na jua. Vipindi vya Misri vilikuwa karibu kwisha. Kimoja tu kilibaki chini ya orodha, na Mwalimu Pindo alitaka kumwonyesha mkaguzi kwamba yuko mbele ya ratiba. Akakifungulia.

Muziki ulikuwa tofauti. Sauti ilikuwa ya mwanamke yuleyule, lakini changa, yenye wasiwasi, na nyuma yake kulikuwa na mtu akiburuta kiti.

"Karibuni," ilisema. "Hiki ni kipindi chetu cha kwanza kabisa. Tutaanza mwanzo, zaidi ya miaka elfu tatu kabla ya Kristo, wakati Misri bado haijawa nchi moja. Na kila wiki tutasogea mbele kidogo kuja huku kwetu, mpaka siku ile Warumi wanaingia."

Mwalimu Pindo alisimama alivyokuwa. Kwenye simu mwanamke aliendelea kushukuru watu. Moshi mwembamba ukainuka kutoka kwenye kola.

"Dada. Umesikia?"

"Nimesikia. Na gauni linaungua."

Akainyanyua pasi. Kola ilikuwa imepata alama ya kahawia yenye umbo la pasi, safi, kama muhuri wa Mwalimu Mkuu. Akaikata pasi umeme, akaketi kitandani.

"Wewe ulijua kwamba simu inaanza na cha mwisho?"

"Kila mtu anajua. Ndivyo ilivyo hata kwa nyuki."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndivyo mnavyofundisha siku hizi," alisema dada mtu. "Mtaala wenu haukai mahali pamoja. Jana cherehani, leo kompyuta. Nikasema labda sasa wameamua watoto waanzie mwisho."

Mwalimu Pindo alishika tama. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa, kwamba amewafundisha watoto wa watu ufalme mzima kinyumenyume, kwamba katika vichwa vyao Aleksanda ni mzee kuliko piramidi, na kwamba mkaguzi anakuja kesho. Hakutaja gari la wilaya. Dada mtu alikaa akilisikiliza jambo ambalo halikutajwa.

"Hizo nyumba za walimu za huko," aliuliza baadaye, "milango yake inafungukia ndani au nje?"

"Sijui, dada."

"Si kitu. Nimeuliza tu."

Walifikiria la kufanya. Dada mtu alipendekeza watoto wafundishwe asubuhi na mapema, kabla ya kengele, kuyageuza majibu. Yeye hospitalini aliwahi kuwafundisha wapokea simu wapya kusema uongo wa kistaarabu kwa dakika chache tu. Mwalimu Pindo alimfikiria Wakili akifundishwa uongo wa kistaarabu, akaliacha wazo hilo. Kumwomba Mwalimu Mkuu aahirishe ukaguzi ni kumweleza sababu. Kujifanya mgonjwa kungemsogeza wiki moja, na Misri ingebaki imelala vilevile, miguu juu.

Kipindi kilikuwa bado kinaendelea kwenye kikombe. Kwa kuwa hakuna aliyeinuka kukizima, walikisikiliza. Mwanamke alikuwa amefika kwenye gauni. Alisema kwamba katika kaburi moja la zamani za mwanzo kabisa za Misri lilitoka furushi la vitambaa vichafu, likakaa kwenye makumbusho kwa zaidi ya nusu karne bila mtu kulijali. Lilipokuja kusafishwa, ndani yake likaonekana vazi la kitani lenye mikunjo midogomidogo ya kupigwa kwa mkono, moja ya nguo za kufumwa kongwe kuliko zote zinazojulikana. Lilikuwa limegeuzwa ndani nje. Na kwenye viwiko na makwapani lilikuwa na makunyanzi ya kuvaliwa.

Mwalimu Pindo akainua kichwa. "Kirudishe nyuma hapo," alisema.

Dada mtu akakirudisha.

Jumatatu mkaguzi aliketi nyuma kabisa, kwenye dawati la mwanafunzi ambalo magoti yake yalikataa kuingia, hivyo akakaa upande kama mtu anayesubiri kinyozi. Alikuwa mtu mzima mwenye tai nyembamba kama ufito na sauti ndogo. Mwalimu Mkuu alisimama karibu na dirisha akitabasamu. Mwalimu Pindo alikuwa amevaa gauni la kijani, na lile la kijivu alikuwa amelikunja mkononi.

Alisalimia, akaitikiwa. Kisha akapiga moyo konde, akasema alichokuwa amekipanga, taratibu, kama anayetangaza mabadiliko ya ratiba.

"Kabla hatujaanza, kuna kosa langu. Misri tuliyosoma muhula huu tumeisoma kuanzia mwisho. Warumi ndio wa mwisho, si wa kwanza. Kila tulichokiita baadaye kilikuwa kabla. Leo ndiyo tunafika mwanzo."

Tabasamu la Mwalimu Mkuu lilibaki lilipokuwa, bila mwenyewe. Mkaguzi aliacha kuandika. Wakili alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo tulikuwa tunakosea?"

"Mambo yenyewe ni sahihi. Yamekaa kichwa chini."

"Basi ndiyo maana," alisema Wakili, na akageuka kuwatazama wenzake kama aliyeshinda kesi. "Niliwaambia zile piramidi ni zilezile."

Mwalimu Pindo akalikunjua gauni la kijivu na kulining'iniza ubaoni kwa msumari wa ramani. Lilikuwa limegeuzwa ndani nje. Aliwasimulia habari ya kaburi na furushi, kisha akawauliza aliyelivaa lile vazi la kitani alilivuaje. Watoto walilikodolea macho gauni. Mmoja alisema lilikuwa na vifungo. Hapana, hakukuwa na vifungo. Mwingine, mvulana ambaye muhula mzima hakuwa amesema neno, alisema alilivutia juu, kupitia kichwani, maana ukilivua hivyo hubaki limegeuka. Mama yake kila siku anagombana naye kwa ajili hiyo. Darasa likacheka. Mwalimu Pindo aliwaambia kwamba ndivyo wanavyodhani hata wataalamu. Kwamba kabla ya mfalme yeyote waliyemsoma, kabla ya piramidi, Aleksanda na Warumi, kulikuwa na mtu mwembamba aliyeinua mikono akalivua gauni lake na hakuligeuza. Waliandika. Mkaguzi naye aliandika.

Zilipobaki dakika za mwisho, mkaguzi aliomba ruhusa ya kuuliza. Alimwuliza msichana wa pembeni ni nini kilichofuata baada ya wafalme wa Kushi. Msichana alifumba macho, akahesabu vidole kwa kurudi nyuma, akamjibu: wengine kutoka mashariki wakawasukuma warudi kusini, halafu baada ya muda wakaja Waajemi. Akamwuliza mwingine kwa nini Misri ilimpokea Aleksanda. Akajibiwa. Akawauliza wote baada ya Waajemi alikuja nani. Kukawa na purukushani ya vidole, midomo ikicheza, kisha majibu yakatoka, yamechelewa kidogo lakini yako mahali pake. Alipojaribu kuuliza kwa kwenda nyuma, hawakuhitaji vidole. Walimjibu kabla hajamaliza, na mwishoni, kwa mazoea, walimwuliza yeye: "Na yeye alitokea wapi?"

Mkaguzi alisema hilo wamwulize mwalimu wao.

Ofisini Mwalimu Mkuu aliwaambia wakae, wote wawili. Mkaguzi aliyapitia maandalio ya somo moja baada ya jingine, akitazama muhuri kwenye kila ukurasa kama mtu anayetazama picha za harusi ya watu asiowajua. Mwalimu Mkuu alieleza kwamba majukumu ni mengi. Alieleza kwamba yeye binafsi alikuwa na mashaka tangu mwanzo, kisha akakumbuka mihuri.

"Huu mpangilio," mkaguzi alimwambia Mwalimu Pindo, "haukubaliki."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mtihani hauulizwi hivi."

"Ndiyo."

"Ukiondoka leo, atakayekuja ataikuta Misri iko miguu juu na hatajua aanze kuigeuza kutoka wapi." Aliandika kidogo, akasoma kwa sauti alichokiandika, na sauti yake haikubadilika hata pale ambapo Mwalimu Pindo alisahau kupumua. Mada ilikuwa imefundishwa kinyume cha utaratibu, kwa idhini ya uongozi wa shule. Irudiwe yote, kuanzia mwanzo kwenda mwisho, muhula ujao. Irudiwe na mwalimu yuleyule, na asihamishwe kabla hajaimaliza na kuiunganisha na mada inayofuata.

Mwalimu Mkuu aliuliza mada inayofuata ni ipi.

"Roma."

"Ni ndefu?"

"Inategemea," alisema mkaguzi, akifunika kalamu yake, "unaanzia wapi."

Mwalimu Pindo hakucheka. Alishukuru kwa adhabu, akatoka, akavuka uwanja. Mbele ya stoo alikutana na mtoto ambaye pindo lake lilikuwa limefumuka, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akampita.

Dada yake alikuwa uani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu imezimwa mapajani. Alimtambua kwa hatua na hakusubiri salamu.

"Wamesemaje?"

"Nimeadhibiwa. Nirudie Misri yote, muhula mzima, halafu niiunganishe na Roma."

"Urudie wapi?"

"Hapahapa."

Dada mtu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani alipopokea ujumbe mrefu wa kumfikishia daktari. Alisema kwamba adhabu hiyo ni kali, na kwamba mkaguzi lazima ni mtu asiye na huruma. Aliuliza kama mchele uchambuliwe au watakula mkate. Kisha akakumbuka kwamba nguo zilikuwa bado kwenye kamba na mawingu, kwa alivyosikia upepo, yalikuwa yanakusanyika. Akainuka, akapita jikoni, akavuka kizingiti, akaelekea nyuma ya nyumba kuzianua, mikono yake yote miwili ikiwa mifukoni.